Poda Aliyompaka Ayikoru

Soko kuu la Arua lilikuwa limefurika siku ile, pikipiki zikipenya hata pasipopenyeka, Ayikoru alipoinama mbele ya kioo cha watu kutoa kidudu jichoni. Alivaa sketi ya kitenge cha manjano na blauzi iliyomkaa vizuri mpaka mwenye kioo akamsahau mteja wake.

"Dada, hii kioo iko ya kazi," akasema Nestor.

"Na mimi iko na kazi. Mdudu iko ndani ya macho!"

Nestor alikuwa kijana wa Aru, upande wa Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, aliyeingia Arua na sanduku la vipodozi na maneno mengi. Alimtoa kidudu kwa ncha ya leso, kisha akamwomba nusu ya uso. Nusu tu. Akachukua rangi ya kahawia iliyoizidi ngozi ya binti weusi kidogo sana, akaipitisha chini ya mfupa wa shavu, ubavuni mwa pua, ukingoni mwa taya, akaigonga kwa sponji yenye unyevu mpaka mstari ukapotea. Kivuli kikipakwa hivyo, mtu hudhani Mungu ndiye aliyekiweka.

Ayikoru akageuza shavu hili, akageuza lile. "Sasa mimi natembea na sura mbili?"

"Kuya kesho, nimalize ya pili."

Alirudi kesho, na kesho kutwa. Miezi mitatu simu zao hazikupoa.

"Sponji yangu, umekula?" Ayikoru aliuliza.

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Muongo!"

Lakini Nestor alikuwa na wivu, tena wa kijinga, sioni haya kusema. Simu ya Ayikoru isipopokelewa mara mbili, basi kuna mwanamume. Kumuuliza hakumuuliza, alinuna tu.

Siku moja binti akapiga. "Jumamosi kuja Koboko kwa wazazi yangu. Iko utambulisho, wakwe nakuja. Leta sanduku, na vaa shati mzuri."

"Nani anaolewa?"

"Kuja, utaona!" Akacheka, akakata.

Nestor alipofika Koboko alimkuta Ayikoru chumbani, kavaa gauni la hariri la zambarau, shanga shingoni, kilemba kichwani. Nje, chini ya mahema, kijana mwenye suti aliketi kati ya wageni. Shangazi mmoja akamwambia, "Huyu, mpake mzuri sana. Leo natoka mbele ya wakwe."

"Ayi, hii ni nini?" akauliza Nestor.

Ayikoru akawatazama shangazi zake, akaweka kidole mdomoni, akakonyeza. "Nyamaza, mpenzi. Leo baba atakujua."

Nestor alisikia dharau: baba atamjua kama mpaka poda tu. Ameitwa ampambie mwanamume mwingine mchumba wake! Akapaka kivuli vizuri kuliko siku zote, kisha akafungua kopo la chini kabisa. Ile ni poda isiyoonekana kwenye kioo, lakini flashi ya kamera ikiipiga hung'aa nyeupe kama unga wa muhogo. Mpambaji yeyote huiweka mbali siku ya picha. Akampaka mashavuni, kwenye paji la uso na chini ya macho.

"Mimi iko mzuri?"

"Kama malaika."

Ayikoru akatoka pamoja na wasichana wengine watano, na wote walikuwa wamevaa zambarau ileile. Flashi zikawaka. Yule kijana mwenye suti akasimama, akatikisa kichwa. Watu wakacheka, wasichana wakapewa soda na kurudishwa ndani.

"Anakatala nini?" Nestor akamuuliza shangazi.

"Hao iko ya kudanganya tu. Lazima bwana akatae, ndiyo tunatoa bibi arusi. Kwenu Kongo hakuna?"

Hapo akatolewa Linda, dada mkubwa wa Ayikoru, na vigelegele vikapaa.

Nestor alikimbilia taulo, ila picha zilikwisha kumtangulia kwenye simu. "Maiti imefufuka!" mtu akapiga kelele, kicheko kikazunguka mahema yote. Mzee Okuonzi, baba wa mabinti, alikuwa ameshika simu yenye picha: wasichana watano wana nyuso, wa sita ana unga.

"Nani napaka mtoto yangu hivi?"

Ayikoru alitoka ndani, akaitazama picha, akajipitishia kidole shavuni. Hata hivyo akamshika Nestor mkono mbele ya ukoo mzima. "Baba, huyu ndiye Nestor. Ile mtu nilikuambia. Hii ni makosa ya taa tu."

Mzee akampima juu mpaka chini, kisha akampa mkono. "Makosa iko kwa kila mtu. Karibu, mwanangu. Kula kwanza."

Nyuma ya jiko Ayikoru alinong'ona, "Ulikosea, ndiyo?"

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha. Nestor hakuweza.

"Hapana. Nilizania ni wewe unaolewa. Nilitaka watu bakucheke."

Ayikoru hakulia, na hilo lilimuumiza Nestor zaidi. "Mimi nilikuita baba akuone. Hukuniuliza kama ni mimi naolewa. Swali moja tu, Nestor. Moja!"

Nestor akainua taulo amfute. Binti akarudi nyuma. "Hapana gusa mimi."

Waliitwa kwa picha ya familia. Ayikoru akaenda na uso uleule, akasimama kando ya Linda, akatabasamu. Flashi ikampiga mara tatu.

"Mkwe wangu iko wapi?" Mzee Okuonzi akaita kwa furaha. "Nestor! Kuja tupige picha!"

"Baba, huyo ameenda," akasema Ayikoru.

Nestor alikuwa hatua tano kutoka pale, nyuma ya turubai la hema, sanduku mkononi, akimsikia.