Simu Haipigi Magoti

"Nabbosa, hivi simu yako nayo inapiga magoti?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, mwalimu Nakimera, siku chache baada ya Pasaka. Alikuwa ameketi jikoni kwangu, simu yangu mkononi, akicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Moyo wangu ulikuwa mzito siku ile. Lakini leo nikilikumbuka swali lile namshukuru Mungu. Alinitumia msaada, na msaada wenyewe ulikuja na mdomo mrefu.

Tangu mume wangu alipofariki, naishi kwa baba yangu, mzee Kawooya. Asubuhi nasali rozari, nawasha moto, namenya ndizi za kupika. Baba anakunywa chai, kisha anajikongoja mpaka kwenye kibanda chake. Baada ya muda tunasikia nyundo yake ya mti: to, to, to. Watoto wa jirani wakiisikia wanajua wamechelewa shule.

Baba anatengeneza nguo ya gome. Anaubambua mti wa mutuba gome lake, analichemsha, kisha analigonga. Gome linatanuka, linalainika, linakuwa shuka jekundu kama udongo wetu. Nguo hiyo ni ya heshima. Tunaivaa kwenye sherehe, na wafu wetu tunawasitiri nayo.

Mituba yake imesimama shambani, katikati ya kahawa na migomba. Mwaka jana baba alianguka kutoka kwenye ngazi, akaumia nyonga. Ndipo alipomkabidhi shamba kaka yangu mkubwa, Mukiibi, anayeishi mjini. Kaka si mtu mbaya. Dawa zote za baba analipa yeye. Lakini alitaka kuikata mituba yote apande mikaratusi.

"Baba hapandi ngazi tena," alisema. "Nani atabambua magome? Wewe, Nabbosa?"

"Kaka, hii ndiyo kazi ya baba."

"Kazi iliyomvunja nyonga!"

Baba alikuwa ameketi pale pale. Kaka humsikiliza baba akiwa amesimama, funguo za gari zikilia mkononi. Na baba hasemi neno la maana na mtu aliyesimama.

"Baada ya Pentekoste nitamleta mtu wa msumeno," kaka akasema.

Nililala nikiwaza. Kaka alipelekwa shule ya bweni angali mdogo. Hakuwahi kuiona kazi ya baba tangu mwanzo hadi mwisho. Nikajiambia, akiiona, labda moyo wake utalegea. Binti yangu alikuwa ameninunulia simu nzuri. Nikampiga baba video siku nzima.

Jumatatu ya Pasaka, tulipomaliza kula, tukaunganisha simu na runinga. Ndugu wote walikusanyika. Ee Mungu wangu! Kilichoonekana ni kidevu cha baba na matundu ya pua. Nyuma yake mbingu nyeupe. Uso wenyewe mweusi kama chungu cha kuni. Mara picha imelala ubavu, mara imesimama. Sauti ilikuwa ya upepo tu. Katikati, katekista alinipigia simu, picha ikakatika. Nilipoanza tena, baba alikuwa keshafika kwenye mti mwingine.

Watoto walivunjika mbavu. Kaka akapiga miayo.

"Nabbosa, dada yangu, hii ni filamu ya pua. Tena ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu."

Akachukua funguo zake. Mlangoni akageuka.

"Pentekoste, Baba."

Baba akaitikia kwa kichwa tu.

Ndiyo maana mwalimu Nakimera aliponicheka, sikucheka naye. Shule zilipofungwa wakati wa maradhi ya korona, yeye aliwafundisha watoto kwa filamu fupi alizotengeneza kwa simu. Anaijua kazi hiyo.

"Nijibu basi," alisema. "Ulimpiga mzee video hii ukiwa umepiga magoti?"

"Sasa? Nimsimamie baba yangu kichwani? Mimi nimelelewa, Mwalimu."

Kwetu binti akiwa mbele ya baba yake hupiga magoti, hata kama naye ana wajukuu.

"Piga magoti wewe," akasema. "Simu isipige. Simu haikuzaliwa na mzee Kawooya!"

Hapo nikacheka bila kupenda.

Akanieleza. Simu ikiwa chini inatazama juu. Inaona pua na mbingu. Mwanga ukiwa nyuma ya mtu, uso wake unakuwa giza. Akachukua kigoda, akaweka juu yake debe, na juu ya debe akaiegemeza simu kwenye kinu kidogo.

"Ona. Sasa simu inamtazama mtu machoni. Wewe uko chini pembeni, na adabu yako yote. Nani amevunjiwa heshima?"

"Hakuna."

"Haya." Akarudi kwenye video yangu. Ghafla akaacha kucheka. "Nabbosa, hapa mzee ameshika mti. Midomo inacheza. Anasema nini?"

"Sikusikia. Hapo nilikuwa nimerudi nyuma kidogo, kwa heshima."

Tukaongeza sauti. Vuuu, vuuu. Upepo mtupu.

"Mtu akiushika mti hivi," alisema Nakimera polepole, "haongelei mvua. Neno hili kaka yako alipaswa kulisikia."

Basi akaanza kunifundisha. Kwanza aliifuta kamera ya simu kwa pindo la gauni lake.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya kukaangia."

"Ulitaka kumkaanga mzee?"

Kisha akachota maharage kutoka kwenye ungo, akayapanga mezani.

"Kila harage ni picha moja. Kabla hujagusa simu, nipe hadithi kwa maharage haya. La kwanza?"

"Baba anachagua mti."

"La pili?"

"Mikono yake inabambua gome."

Tukaendelea hivyo. La tatu, baba anaufunika mti kwa majani ya mgomba. La nne, nyundo inagonga. La tano, nguo imeanikwa juani. La mwisho, baba anasema. Nilitaka kuongeza harage la kuku na harage la jikoni. Akayarudisha kwenye ungo.

"Filamu fupi ni kama mchuzi wa karanga," alisema. "Ukizidi kuongeza maji, hakuna atakayejua kama kulikuwa na karanga."

Siku tuliyopanga, alikuja asubuhi na mapema, jua lingali laini. Nilikuwa nimechaji simu ikajaa. Nikaizima laini, maana katekista ni mtu wa kupiga simu. Simu tukailaza ubavu, tukaiacha hivyo mpaka mwisho, kwa sababu runinga nayo imelala ubavu.

Nilimpigia baba magoti nikamwomba ruhusa. Mara ya kwanza sikuwa nimeomba.

"Utamwonyesha nani?"

"Kaka Mukiibi."

Baba akaitazama mituba yake.

"Haya," akasema.

Nakimera akamwomba ageuke, jua limpige usoni.

"Mwalimu, uzee wote huu nafundishwa kusimama?"

"Leo jua ni mgeni wako, mzee. Mgeni hageuziwi mgongo."

Baba akaguna, lakini akageuka.

Kazi ilikwenda vizuri. Kila picha niliiacha itulie, nikihesabu kumi moyoni bila kuigusa simu. Nilipotaka kuiona mikono ya baba kwa karibu, sikuvuta picha kwa vidole. Nilisogea mwenyewe. Picha ikivutwa inakuwa na ukungu. Mguu wako ndio unaosogeza vizuri.

Ikabaki harage la mwisho.

"Baba," nikasema, "siku ile uliuambia nini mti?"

"Niliuambia mti. Sikukuambia wewe."

Nikafungua mdomo nimbembeleze. Nakimera akanifinya. Akaisogeza simu karibu na baba, karibu kabisa, maana sikio la simu halifiki mbali. Upepo ulikuwa unavuma. Akaninong'oneza: "Tungoje."

Tukangoja. Baba alikuwa anarekebisha majani kwenye shina lililobambuliwa, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Upepo ukatulia. Baba akaweka mkono kwenye mutuba wa pembeni, ule wa siku ile, ambao ulikuwa bado haujabambuliwa. Nikawasha, nikapiga magoti pembeni ya kigoda. Baba akaitazama simu kwa jicho baya.

"Usiitazame hiyo, mzee," alisema Nakimera. "Mtazame binti yako."

Baba akanitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mama afariki yeye kunitazama kwa muda mrefu hivyo. Kisha akasema. Sikuthubutu hata kukohoa.

Jioni tulikaa kuunganisha vipande. Simu ina sehemu yake ya kukata na kuunganisha. Mimi nilikataa kukata.

"Nimkate baba yangu?"

"Humkati baba, unakata kungoja. Hapa anatafuta kisu. Hapa anapiga chafya. Toa."

Nikatoa. Chafya moja nilitaka kuiacha, akakataa. Filamu ikawa fupi, hata chai haiwezi kupoa.

Siku hizi akina mama wa jumuiya yetu wananijia mimi pia. Mmoja alitengeneza filamu ya namna ya kukausha kahawa bila kuiacha ioze. Mwingine aliwaonyesha wakwe zake walio mbali mjukuu wao anavyotambaa. Nawapa maharage kwanza, wanapanga. Nawauliza kama wamefuta kamera, kama wameomba ruhusa. Nikimaliza namshukuru Mungu kwa ajili ya Nakimera. Aliyekufundisha bila kukudai malipo, mwombee kila siku.

Lakini nirudi nyuma. Ikafika Jumatatu ya Pentekoste. Baba aliamka kabla yangu. Nilipotoka nje nilimkuta kwenye mutuba ulio karibu na nyumba, ule ule aliokuwa ameushika kwenye filamu ya pua. Alikuwa amekwisha kuubambua, kutoka chini mpaka mkono wake ulipofika. Shina lilikuwa tupu, limelowa utomvu, kama mtu aliyevuliwa nguo barazani.

Nikakata majani ya mgomba kama kawaida, nikayaleta.

"Baba, hufuniki?"

"Mti wa kukatwa haufunikwi," alisema. Akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake.

Nikayaacha majani mlangoni. Sikuwa na nguvu ya kuyatupa.

Kaka alifika na mtu wa msumeno. Yule mtu akabaki uani, akiutia msumeno wake mafuta. Kaka akaingia, funguo mkononi. Nikampigia magoti, nikampa chai.

"Kaka, kuna filamu."

"Ya pua tena?"

"Ni fupi. Utaimaliza kabla ya chai."

"Haya, weka." Hakukaa.

Nikawasha. Baba akatokea kwenye runinga, uso wake wote, na mwanga kwenye mvi zake. Kila kunyanzi lilionekana. Kaka akaacha kuchezea funguo. Ikaja mikono ikibambua gome kwa uangalifu, bila kuujeruhi mti. Kaka akasogea mbele. Ikaja picha ya majani, na sauti ya baba ikisikika safi kama yuko altareni:

"Mti ukishaubambua, ufunike siku hiyo hiyo. Usipoufunika, jua litaukausha, utakufa. Ukiufunika, mwaka ujao utakupa nguo nyingine."

Nyundo ikalia. Nguo ikaanikwa, nyekundu juani. Kaka akavuta kigoda, akaketi bila kujua kama ameketi.

Harage la mwisho. Baba ameweka mkono kwenye shina. Ananitazama mimi, lakini kwenye runinga ilikuwa kama anamtazama aliyeketi pale.

"Huu ni mti wa Mukiibi. Wiki aliyozaliwa ndipo nilipoubambua mara ya kwanza. Kwenye nguo yake ndipo alipolazwa. Na mama yenu tulipomzika, nguo iliyomsitiri ilitoka hapa hapa. Kila mwaka naubambua, kila mwaka unarudi. Mukiibi hajui. Huja akiwa amesimama, na mtu aliyesimama haambiwi neno kama hili."

Filamu ikaisha. Runinga ikawa nyeusi.

Baba alikuwa anatazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimeishika rozari ndani ya mfuko. Nje tulisikia yule mtu akikohoa.

"Bosi!" aliita. "Tuanze na upi? Huu uliokwisha kuchunwa?"

Kaka aligeuka. Aliutazama mti kupitia mlangoni, lile shina tupu, na jua ambalo sasa lilikuwa limeanza kuwa kali. Akamtazama baba. Akaweka funguo mezani, kando ya chai ambayo hakuigusa. Akainama mlangoni, akayakusanya majani yote ya mgomba kifuani, juu ya shati lake jeupe la mjini, akatoka kuelekea kwenye mti.