Runinga Iliyozimika Alasiri

Baridi ya asubuhi ya Kitale haimpi mtu nafasi ya kujilegeza. Nyumbani kwa Nasir, hatua chache kutoka msikiti wa mtaa, kila mmoja aliijua kazi yake. Nasir alirudi kutoka swala ya alfajiri, akanywa chai yake ya tangawizi, kisha akaenda kulifungua duka lake la magodoro na mablanketi. Mkewe alifunga vyakula vya watoto. Na Sumeya, binti yao wa Gredi ya Sita, kabla hajavaa viatu vya shule, alichukua simu ya baba yake na kumpigia bibi yake aliyekuwa Bungoma.

"Assalaamu alaykum, Nyanya. Umeamkaje?"

"Wa alaykumu salaam, mjukuu wangu. Nimeamka, alhamdulillahi. Umekula?"

Nyanya Hawo alikuwa katika eda. Mumewe, Babu Yakub, alikuwa amefariki dunia baada ya kuugua, na dini humtaka mjane akae nyumbani kwake muda uliowekwa, asitoke ila kwa dharura. Siku za mwanzo nyumba ilijaa watu. Walikuja Waislamu wa mtaa, wakaja na majirani Wakristo walioishi na Babu Yakub kama ndugu. Baadaye kila mmoja alirejea kwenye shughuli zake, na nyumba ikapoa.

"Siku ni ndefu, Nasir," Nyanya alimwambia mwanawe alipokwenda kumzuru. "Nimeswali, nimesoma nyiradi zangu, nimepika chakula cha mtu mmoja, na jua bado liko utosini."

Maneno hayo yalimkaa Nasir moyoni. Alimwendea maalimu wa msikiti akamuuliza kama ni vibaya mjane kuwekewa runinga katika eda. Maalimu akamjibu kwamba kuliwaza moyo wa mfiwa kwa jambo la heshima si kosa. Basi Nasir akanunua runinga, fundi akaunganisha intaneti katika nyumba ya Bungoma, ikabaki kazi moja tu: kuchagua huduma ya kutazamia filamu na vipindi.

Kazi hiyo alimpa Sumeya.

"Mimi mambo haya yananipita," alisema, huku akimpa simu ya zamani iliyokuwa dukani. "Nimeambiwa kuna huduma mbili nzuri, Sebuleni na Upeo. Bei zao hazipishani sana, nami naweza kulipia moja tu. Zisome vizuri. Nyanya yako anapenda wanyama wa porini na tamthilia za Kiswahili. Kiingereza hasomi. Chagua inayomfaa yeye. Nakukabidhi amana, mama."

Sumeya alizisoma, tena kwa makini. Sebuleni ilikuwa na vipindi vingi vilivyosimuliwa kwa Kiswahili. Iliruhusu watu wawili kutazama kwa wakati mmoja, kila mtu kwake, na mtu aliweza kuhifadhi kipindi mtandao ukiwa na nguvu, akakitazama ukiwa dhaifu. Upeo ilikuwa na filamu nyingi za nje na vipindi vichache vya Kiswahili. Tena iliruhusu skrini moja tu kwa wakati mmoja.

Mtu angeweza kuchagua huku amefumba macho. Lakini Upeo ilikuwa na kitu ambacho Sebuleni haikuwa nacho, yaani tamthilia ya wasichana wapelelezi wa shule ya bweni. Darasani hapakuwa na habari nyingine.

"Ati hujaona?" rafiki yake Jelagat alimcheka wakati wa mapumziko. "Wewe unaishi wapi bana, pangoni? Si jana wamemshika yule mpishi! Kumbe ni yeye alikuwa anaiba mitihani!"

Wasichana wote waliangua kicheko, Sumeya naye akacheka ili asionekane mgeni wa mambo. Jioni baba yake alipomuuliza, alijibu upesi, "Upeo ndiyo nzuri, Baba. Ina wanyama wengi, na tamthilia za Kiswahili pia zimo."

Hakusema uongo mtupu. Wanyama walikuwamo, na tamthilia zilikuwamo, ingawa unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Habari ya skrini moja aliimeza. Alijiambia, "Nyanya hulala alasiri. Mimi nitatazama alasiri, yeye atatazama jioni. Hatutakutana kamwe." Nasir, aliyemwamini bintiye, alilipa bila kuuliza la pili.

Tangu hapo, kila alasiri baada ya kazi ya shule, Sumeya alijikunja kitandani na ile simu ya zamani, akawafuata wapelelezi wake kwa akaunti ile ile ya Nyanya. Darasani sasa aliweza kubishana na Jelagat hadi kengele ilipolia. Wiki zikapita. Asubuhi alipompigia Nyanya simu na kumuuliza kuhusu runinga, Nyanya alijibu, "Iko, mwanangu. Mungu ambariki baba yako." Sumeya hakuona kwamba jibu lilikuwa fupi.

Shule zilipofungwa, alipelekwa Bungoma kukaa na bibi yake. Aliposhuka na begi lake mlangoni, alisikia sauti ikimwita kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma.

"Sumeya! Si umekuwa mkubwa! Karibu, mama. Umetuletea baridi ya Kitale?"

Alikuwa Roselyne, jirani aliyeshona nguo barazani mwake. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na uzi mdomoni, naye alitabasamu, ila tabasamu lenyewe halikuchanua kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mama Roselyne. Hujaenda kwa Nyanya leo?"

"Aka, siku hizi siendi sana." Akautoa uzi mdomoni. "Zamani nilikuwa nafunga cherehani saa ya chai, tunaangalia TV na yeye. Tunacheka! Sasa ati analala mchana. Nami sitaki kumsumbua mtu ako na msiba. Labda mdomo yangu imemchosha. Msalimie."

Sumeya aliingia ndani akamkuta bibi yake amekaa mkekani, amevaa nguo nyeupe za eda, tasbihi mkononi. Runinga ilikuwa imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, kama kitu kilichowekwa kisiguswe. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Nyanya alikuwa amekonda.

"Mbona umeifunika, Nyanya?"

Nyanya alitazama pembeni. "Imeniharibikia mikononi, mwanangu. Usimwambie baba yako, amehangaika sana kuinunua. Huwaka vizuri. Lakini Roselyne akishakuja, tumekaa, chai imemiminwa, inakatika. Kila siku, alasiri ikishaswaliwa. Inaandika maneno ya Kizungu, halafu kiza. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili nikaona haya. Nimemwita mtu kwangu, kisha nimkalishe mbele ya kiza?" Aliteremsha sauti. "Nikajiambia, huenda Mwenyezi Mungu ananikanya. Mjane katika eda, na bado nataka kuchekacheka mbele ya runinga. Basi nikaifunika. Roselyne nikamwambia nalala."

Sumeya alikiondoa kitambaa, akawasha. Picha ilikuja safi: kundi la tembo likivuka mto.

"Subhanallah!" Nyanya alisema, uso ukimng'aa. "Wamerudi! Mwangalie yule mdogo, anamshika mama yake mkia!"

Sumeya akamwacha akitazama, akaenda chumbani kupanga nguo zake. Simu ya zamani ilikuwa juu ya begi. Mkono wake, kwa mazoea ya saa hiyo, uliichukua na kufungua Upeo. Muziki wa wapelelezi ulianza tu, akasikia sauti kutoka sebuleni.

"Haya! Si nilikwambia? Imezima tena!"

Sumeya alikimbia sebuleni na simu mkononi. Kwenye runinga palikuwa na maandishi ya Kiingereza, nayo yalisema kwamba akaunti hiyo ilikuwa ikitumiwa kwenye kifaa kingine. Kifaa hicho kilikuwa kikiimba ndani ya kiganja chake.

Aliizima simu. Tembo wakarudi mtoni.

"Una mkono wa baraka, mjukuu wangu," Nyanya alisema, akimpapasa shavu. "Umeigusa tu ikapona. Baba yako hakukosea kukupa kazi hii."

Kama Nyanya angemchapa, Sumeya asingeumia kiasi hicho. Alikaa mkekani asiwaone tembo. Alizikumbuka alasiri zote za Kitale, yeye chini ya blanketi, na huku Bungoma wanawake wawili na chai yao mbele ya kiza. Njia ya kunyamaza ilikuwa wazi: angeiacha simu, runinga isingezimika tena, na sifa ya mkono wa baraka ingebaki kuwa yake. Lakini bibi yake angeendelea kuamini kwamba Mungu alikuwa amemkanya. Hilo ndilo lililomshinda.

Nyanya alipotoka kutawadha kwa ajili ya swala ya magharibi, Sumeya alipiga moyo konde.

"Nyanya, runinga haikuwa mbovu. Wala Mungu hakukukanya. Ni mimi."

Alieleza yote: Sebuleni na Upeo, wapelelezi, kicheko cha Jelagat, skrini moja, na jibu alilompa baba yake. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha neno.

Nyanya akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?"

"La, Nyanya."

"Nami nilidhani nimezeeka hata siwezi kubonyeza kitufe." Akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea kama aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillahi. Njoo tuswali. Kisha utampigia baba yako, umwambie wewe mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Baada ya swala alimpigia. Alimweleza yote, neno kwa neno.

"Umeniumiza, Sumeya," Nasir alisema. "Ulinijibu kwa maneno ya kweli ukanificha ukweli. Lakini umenipigia mwenyewe, nami nimelisikia hilo. Hiyo simu utaipumzisha mpaka nitakaposema. Sasa mpe mama yangu simu nimtake radhi."

Asubuhi Sumeya alizunguka ua wa michongoma hadi kwenye baraza la Roselyne, akamweleza naye. Roselyne alisimamisha cherehani, macho yamemtoka.

"Kumbe ni wewe ulikuwa unatuzimia! Na mimi nimekaa hapa nikisema, Roselyne, mdomo yako itakufukuzia watu! Mpaka nikauliza kanisani kama kuna neno baya nilimwambia." Alicheka hadi akashika ubavu, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya leso, na Sumeya hakujua kama yalikuwa ya kicheko peke yake. "Unajua, mama, hata mimi kwangu ni peke yangu. Ngoja nichukue sukari, chai yake huwa haina sukari."

Siku hiyo walikaa watatu mkekani. Nasir alikuwa amekubali kubadilisha huduma, lakini Nyanya alisema hataki kuchaguliwa tena kizani.

"Nisomee," alimwagiza Sumeya. "Zote mbili. Hata lile usilolipenda."

Sumeya alisoma kwa sauti, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, asiruke mstari. Aliposema kwamba Sebuleni haina wapelelezi wa shule, sauti yake haikutetemeka. Aliposema kwamba Upeo ina filamu mpya zaidi, Roselyne aliguna, "Mpya ya nini kama siielewi?" Waliuliza maswali ambayo Sumeya hakuwa ameyawaza. Je, maandishi yanaweza kukuzwa? Mtoto akija, kuna namna ya kumzuia asifungue mambo ya watu wazima? Mvua ikinyesha na mtandao ukasinzia, watatazama nini? Hata jibu lilipojitokeza lenyewe, Nyanya alikuwa amekwisha kulifikia.

"Sebuleni," alisema. "Haina makuu, lakini nitaielewa."

Sumeya alifuta Upeo kwa mkono wake mwenyewe. Alihisi uchungu kidogo, kwa maana hangejua wapelelezi waliishia wapi, naye hakuuficha uchungu huo.

Nyanya aliuona. Akamvuta karibu. "Kupenda wapelelezi wako si dhambi, Sumeya. Ungemwambia baba yako, 'Baba, hii inamfaa Nyanya, ile naipenda mimi,' angekusikiliza, labda angetafuta njia. Kosa ni kwamba uliyachukua macho yangu ukatazamia mambo yako. Mtu akikuamini umchagulie jambo, muulize anachotaka, umwambie mema na mabaya ya kila upande, hata yale yanayokuharibia wewe. Hiyo ndiyo amana. Ukificha neno dogo, hujui litamwangukia nani. Lako lilizima runinga, likamfanya Roselyne ajilaumu, likanifanya mimi nimdhanie Mola wangu vibaya."

"Nisamehe, Nyanya. Nisamehe, Mama Roselyne."

"Mimi nilikusamehe kabla hujamaliza kueleza," Nyanya alisema.

"Mimi bado," Roselyne akasema, akimkabidhi kikombe. "Mpaka unisomee majina ya tamthilia zote ziko hapo, moja moja, nichague."

Sumeya akapokea kikombe, akakiweka chini, akaanza kusoma kutoka juu.