Zamu ya Mama Upepo

Fundi cherehani wa mtaa wetu tulimwita Mama Upepo, kwa kasi ya mikono yake. Shule zilikaribia kufunguliwa, sare zimerundikana hadi mlangoni, naye akawa analala kwa saa tatu tu usiku, siku nyingine saa mbili.

Mdogo wake, muuguzi, alimgombeza. "Dada, mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi kwa uchache. Utaanza kuona vitu."

"Usingizi hauna haraka, mdogo wangu. Wenye haraka ni wateja."

Wakacheka.

Baada ya wiki mikono ikaanza kutetemeka. Akasahau jina la mtoto wa jirani. Akajichoma sindano na hakusikia kitu.

Mchana mmoja alisinzia juu ya cherehani. Kuzinduka, sketi aliyokuwa ndiyo kwanza anaikata imekwisha kushonwa. Imepigwa pasi. Akajiambia ni uchovu, amesahau tu.

Kesho yake muuza maziwa alifuata gauni lake.

"Juzi ulinipima bila kusema neno," akalalamika. "Na mikono baridi hiyo! Unaumwa, mama?"

Mama Upepo hakukumbuka kumpima.

Tangu hapo aliogopa kusinzia. Akajimwagia maji. Akanywa kahawa chungu. Akashona amesimama, kichwa kinamwangukia kifuani.

Akafumbua macho. Alikuwa chini, sakafuni. Cherehani ilikuwa inakwenda.

Kiti kitupu. Kanyagio linapanda, linashuka.

Alitaka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka. Alitaka kukimbia. Miguu si yake. Nje watu walikuwa wakipita, jua linawaka, na hakuna aliyegeuza shingo.

"Lala," sauti ikanong'ona kutoka kwenye kiti. "Nimekushikia zamu."

Muuguzi ndiye aliyemkuta. Akafunga duka, akatia ufunguo mfukoni, akamchukua dada yake nyumbani kwake. Mama Upepo alilala siku mbili. Mikono ikatulia, majina yakarudi.

"Umeona? Ulikuwa usingizi tu," mdogo wake akasema.

Asubuhi ya shule kufunguliwa wakaenda pamoja kufungua duka. Sare zote zilikuwa tayari, zimekunjwa.

"Dada, ulizimaliza lini hizi?"

Mama Upepo alikuwa amepindua pindo la shati la juu. Hapakuwa na uzi. Lilishonwa kwa nywele, nyeupe, ndefu, mbichi bado.

Barabarani, watoto waliochukua sare zao wiki iliyopita walikuwa wakipita kwenda shule. Wote wanapiga miayo.