Mama Keki Ajifunza Kiasi

Jiko la Mama Keki lilikuwa na dirisha moja, meza ndefu ya mbao na oveni ya gesi yenye mlango mkaidi. Bila kupigwa teke, mlango haukufungika. Kila asubuhi majirani walisikia teke hilo, wakajua keki zimeingia motoni.

Mama Keki aliipenda kazi yake. Alipenda pia kuionja. Akipiga siagi na sukari, kidole kilizama bakulini. Akikata kingo za keki ili inyooke, kingo ziliishia mdomoni.

"Mke wangu," mumewe, fundi viatu, alimtania, "wewe ndiye mteja wako wa kwanza."

"Nisipoonja nitajuaje?" alijibu, mashavu yamejaa.

Kisha mwili ukaanza kulalamika. Kiu haikwisha. Nyayo ziliwaka moto. Alipopimwa zahanati, sukari ilikuwa imepanda sana. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze vitu vitamu.

Lakini Mama Keki hakuwa mtu wa nusu nusu. Jumapili alipiga magoti kanisani. "Bwana, kuanzia leo sigusi kitu kitamu maisha yangu yote." Aliamini kwamba Mkristo wa kweli hukimbia kila raha.

Nyumba ikapoa. Mama Keki aliacha hata kukaa mezani na mumewe. Alikula kidogo tu, amesimama, uso umekunjamana. Mumewe akicheka, alimkemea. "Raha zitakupeleka pabaya, Baba!" Fundi viatu akajifunza kutafuna kimya kimya.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Mama Keki alikuwa akiandaa keki ya ubatizo yenye matabaka matatu. Mteja angeifuata jioni. Saa sita mchana ilifika, naye hajala kitu tangu alfajiri. Tabaka dogo la juu lilikuwa mbele yake, limepakwa krimu.

Alichukua chembe moja tu. Halafu nyingine.

Mumewe alipoingia kuomba maji, alimkuta amekaa juu ya gunia la unga. Sahani ilikuwa tupu. Krimu ilikuwa kidevuni. Tabaka zima limekwenda!

"Nimemdanganya Mungu," Mama Keki alisema, akaangua kilio.

Fundi viatu hakucheka. Alimfuta kidevu kwa ncha ya shati lake. "Tutaoka jingine," alisema. "Ila kwanza namwita Bi Sindano."

Bi Sindano ndivyo mtaa ulivyomwita muuguzi wa zahanati. Alikuwa jirani yao, na walisali kanisa moja. Alikuja na kipimo chake, akamtoboa Mama Keki kidole. Sukari ilikuwa juu.

"Kunywa maji, dada. Sasa niambie, nani alikwambia Mungu anachukia keki?"

Mama Keki alimimina maji, akanywa.

"Utamu aliuumba yeye," Bi Sindano aliendelea. "Yesu alialikwa harusini akaenda. Hakubaki nje amenuna."

"Basi kosa langu ni nini, mdogo wangu?"

"Mwanzo ulitawaliwa na keki. Baadaye ukatawaliwa na hofu. Kiasi ni kitu kingine. Ni kufurahia unachopewa, na bado ukaweza kusema basi. Muombe Mungu nguvu hiyo kila siku. Na wewe ufanye sehemu yako."

"Sehemu gani?"

"Usishinde na njaa. Mwenye njaa hana breki. Kula kwa saa zake: mboga nyingi, maharage, wali au ugali kidogo. Vidonge usiruke. Tembea kila jioni. Ukionja, tumia kijiko kidogo, mara moja, kisha kijiko kiende kwenye beseni. Kidole marufuku!"

"Na keki?"

"Mara moja kwa wiki, baada ya chakula. Kipande kidogo kama kiberiti."

"Kiberiti kikubwa au kidogo?"

Wote watatu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Sindano akawa wa kwanza kutulia.

"Kula umekaa, mbele ya watu, ukishukuru. Kitu ambacho unakila kwa kujificha, huwezi kukishukuru."

Maneno hayo yalimwingia. Alikula chakula cha mchana, akaoka tabaka jingine. Keki ilichukuliwa jioni, bado ina joto kidogo.

Haikuwa rahisi. Jumanne moja alilamba kidole mara mbili. Zamani angeona yote yameharibika, akamaliza bakuli. Safari hii alinawa mikono, akaomba kimoyomoyo, akamwambia mumewe. Kisha akaendelea na kazi. Kingo za keki alizipeleka kwa majirani kabla hazijapoa. Jioni walitembea pamoja hadi mwisho wa barabara. Mezani alirudi, na vicheko vikarudi naye.

Baada ya miezi mitatu, kipimo cha zahanati kilionyesha sukari imeshuka vizuri. Nyayo zilitulia. Fundi viatu hakuweza kujizuia. Kila aliyeleta kiatu alisimuliwa. "Mke wangu anashinda na keki kutwa nzima, na keki haimwezi!"

Siku kanisa lao lilipotimiza miaka hamsini, Mama Keki ndiye aliyeoka. Matabaka matano! Watu walipiga vigelegele alipoikata. Baada ya chakula, alikaa kati ya watu na kipande chake kidogo. Aliinamisha kichwa, akashukuru, akala polepole. Alisikia ladha ya ganda la limau, ladha ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiimeza bila kuijua.

Mchungaji akamsogezea sahani. "Ongeza, mama. Leo ni sikukuu!"

Meza nzima ilimtazama.

"Ilikuwa tamu kweli, Mchungaji," Mama Keki alisema kwa tabasamu pana. "Nami nimetosheka."

Aliweka uma chini, akainuka, akaenda kucheza na kwaya, mikono juu.

Fundi viatu alitunisha kifua. "Yule ni mke wangu," aliwaambia wa mezani, ingawa hapakuwa na hata mmoja asiyejua.