Malimbuko Mabichi

Kila Jumamosi asubuhi Apolinaria hufagia kanisa. Ni kanisa dogo la matofali ya kuchoma, kando ya barabara ya kwenda Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Huanza madhabahuni, hupanga mabenchi, kisha humalizia na chumba kidogo cha nyuma. Chumba hicho ndicho ghala la usharika. Ufunguo wake anao yeye. Ameufunga kwenye ncha ya kanga yake.

Usharika huu hauna matajiri. Watu wanalima mahindi, karanga na viazi vitamu. Lakini wana desturi moja wanayoipenda sana. Mwezi wa tano, mahindi yanapoanza kuvunwa, kila nyumba huleta malimbuko. Hayo ni mavuno ya kwanza kabisa, kabla wenye shamba hawajala. Anayeleta mapema husifiwa. Kwa hiyo watu hushindana. Wengine huvunja mahindi Jumamosi, huyapukuchua jioni ile ile, na Jumapili gunia liko kanisani.

Malimbuko huwekwa ghalani. Miezi ya mvua, chakula kinapokwisha majumbani, hugawiwa wajane, wazee na wagonjwa. Kazi ya Apolinaria ni kuyatunza mpaka siku hiyo.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Apolinaria alifungua mlango wa ghala. Hewa ya moto ilimpiga usoni. Ilinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye maji. Aliingiza mkono katika gunia lililoegemea ukuta. Mahindi yalikuwa na joto. Alipoutoa mkono, punje zilitoka zimeshikana. Zilikuwa na ukungu wa kijani.

Apolinaria aliketi sakafuni, ufagio ukiwa bado mkononi.

"Bibi Katarina atakula nini?" alijiuliza.

Bibi Katarina alikuwa jirani yake. Alikuwa mjane mzee, na watoto wake wote walikuwa wamefariki. Mwaka uliopita alipewa mahindi kutoka ghala hilo hilo. Yalikuwa na ukungu kidogo. Hakulalamika. Nani alalamikie sadaka? Aliyasaga, akala, akatapika mpaka akashindwa kusimama. Apolinaria ndiye aliyempeleka zahanati. Watu walisema ni uzee tu. Lakini Apolinaria hakuusahau uso wa bibi yule siku ile.

Alirudi nyumbani akamweleza mume wake, Revocatus. Revocatus ni fundi seremala. Alikuwa akipiga randa mbao.

"Chambua yale yenye ukungu," alisema Revocatus. "Mengine yaoshe, yaanike, kisha yarudishe. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mke wangu, ukisema yameharibika, watauliza aliyeshika ufunguo ni nani. Ni wewe. Watasema umeua malimbuko."

"Na Bibi Katarina akila tena akaumwa?"

Revocatus aliweka randa chini. 

Ng'ambo ya barabara, mbele ya kanisa, kulikuwa na duka la nafaka la Bi Mwanamkuu. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Tabora mjini, lakini babu zake walikuwa Wazaramo kutoka pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukusema, kukucheka, hata kukunyang'anya kofia, na wewe huruhusiwi kukasirika. Mwanamkuu aliitumia ruhusa hiyo kila siku ya Mungu.

"Wewe Mnyamwezi!" alimwita Apolinaria alipomwona anapita. "Mbona uso umekunjamana? Umekosa michembe, viazi vyenu vya kukausha?"

"Leo sina nguvu za utani, mtani wangu."

"Kama huna nguvu, kaa. Mimi ninazo za wawili."

Apolinaria alifungua fundo la kanga. Alitoa punje chache za mahindi, akazimwaga juu ya kaunta. Mwanamkuu aliziinamia. Kicheko kilimkatika.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Ghalani kwetu."

"Umepika?"

"Bado."

"Usipike. Usimpe mtu. Hata kuku usimpe." Mwanamkuu alivuta kigoda. "Sikiliza, mama. Ukungu wa namna hii unaweza kuzaa sumu. Inaitwa sumukuvu. Sumu hiyo huioni kwa macho na huwezi kuionja. Ukiosha mahindi, haitoki yote. Ukipika, haiishi. Ukitengeneza pombe au uji, imo. Ng'ombe akila, inaweza kuingia kwenye maziwa. Mtu akila nyingi kwa mara moja, anaweza kuumwa sana, hata kufa. Akila kidogo kidogo kwa miaka, inaharibu ini. Na watoto inawadumaza."

"Umejuaje yote haya?"

"Kwa hasara! Nilipeleka karanga zangu Nzega, lori zima. Mnunuzi akazipima, akazikataa. Nililia njiani mpaka nyumbani. Ndipo nikamtafuta bibi shamba, nikasoma semina kama mtoto wa shule."

"Kwani sisi tumekosea wapi? Ghala letu halivuji. Nalifagia kila wiki."

"Mahindi yenu yalikauka kabla ya kuingia?"

Apolinaria alifikiri. Aliyakumbuka magunia yaliyoletwa mwezi wa tano, yalivyokuwa mazito. Aliikumbuka furaha ya watu.

"Ni malimbuko," alisema taratibu. "Huletwa kwanza. Hayasubiri kukauka."

"Na wewe mlangoni huyakagui?"

"Nikague sadaka? Nimwambie mtu Mungu hataki gunia lako?"

"Basi hapo ndipo mlipokosea," alisema Mwanamkuu. "Mahindi mabichi mkiyafungia kwenye gunia, yanatoa joto. Joto na unyevu ndivyo ukungu unavyovipenda. Mnaulisha ukungu kwanza, halafu ndipo wajane."

Jumapili, baada ya ibada, Apolinaria aliomba kusema.  Alishika benchi la mbele.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," walijibu watu.

"Malimbuko tuliyoleta yameota ukungu. Si gunia moja. Ni mengi. Nimeambiwa yanaweza kuwa na sumu. Naomba tusiyagawe."

 Minong'ono ikaanza nyuma.

"Gunia langu lilikuwa zuri," alisema mama mmoja kwa uchungu. "Kama limeharibika, limeharibikia huko ghalani."

"Ufunguo anao nani?" aliuliza mwingine.

Revocatus aliinama akitazama viatu vyake.

Mwinjilisti Octavian, kiongozi wa usharika, alisimama. Alikuwa mtu mpole, na alimheshimu Apolinaria. Lakini jambo hili lilimchanganya.

"Dada Apolinaria, kitu kikishawekwa madhabahuni ni cha Mungu," alisema. "Hatuwezi kukitupa shimoni. Labda tukiombee, tukichambue vizuri, wazee wapewe."

"Hodi hapa!"

Sauti ilitoka mlangoni. Mwanamkuu alikuwa amesimama nje ya kizingiti, ushungi umemkaa vizuri. Mkononi alishika sinia yenye unga.

"Karibu, mtani," alisema Mwinjilisti. Wengine walianza kutabasamu. Walijua ametoka mbali kuwasumbua, yaani ng'ambo ya barabara.

"Sikai. Nimeleta chakula cha Mwinjilisti. Jana Apolinaria alinionyesha punje chache, nami nikamwomba kibaba kizima cha mahindi yenu. Nimeyasaga. Nataka nikupikie ugali hapa hapa, ule sote tukiona."

Mwinjilisti aliutazama unga. Ulikuwa na rangi ya majivu. Harufu yake ilifika mpaka mabenchi ya mbele.

"Mimi?" aliuliza.

"Wewe! Ukimaliza, ndipo Bibi Katarina apewe. Kiongozi hutangulia. Au Wanyamwezi mmebadilisha?"

Watu walicheka. Mwinjilisti naye alicheka, lakini kicheko kikamfia mdomoni. Alimwona Bibi Katarina kwenye benchi la pembeni, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Bibi," aliuliza kwa upole, "mwaka jana uliumwa kwa sababu ya mahindi yetu?"

Bibi Katarina aliinua uso.

"Yalikuwa machungu, mwanangu," alisema. "Lakini yalikuwa ya kanisa. Ningeyatupaje?"

Mwinjilisti alikaa chini. Kisha aliinuka tena. Sauti yake ilikuwa tofauti.

"Unga huu mimi siwezi kuula," alisema. "Na nisichoweza kula mimi, sina haki ya kumpa bibi huyu na kukiita sadaka. Dada Apolinaria, umetutendea haki. Utusamehe."

Apolinaria aliliachia benchi la mbele. 

"Haya, mmemaliza kulia?" aliita Mwanamkuu. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu mgongoni mpaka pwani. Ninyi mnashindwa kubeba mahindi mpaka juani!"

"Babu zetu walibeba, babu zako walilala wakiwangoja!" alijibu Revocatus. Kanisa zima likaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile Revocatus kuinua uso.

Kesho yake walifanya kazi. Bibi shamba wa kata alikuja, akakagua gunia moja moja. Magunia yote yenye ukungu yalitengwa. Hawakuchambua punje nzuri ndani yake, kwa sababu sumu huenea pasipoonekana. Walichimba shimo refu mbali na kisima, wakayafukia. Mwinjilisti alisali kwanza pale shimoni. Hakuna aliyecheka.

Yalibaki magunia machache. Yaliletwa na familia zilizochelewa, zile zilizochekwa kwa kuchelewa. Mahindi yao yalikuwa yamekaa juani kwanza. Bibi shamba alichukua sampuli akaenda kuzipima. Majibu yalipokuja, yalionyesha kuwa mahindi hayo ni salama.

"Kumbe waliochelewa ndio waliotuokoa," alisema Apolinaria.

Lakini magunia yale yasingetosha wazee wote. Mwinjilisti alitangaza hivyo Jumapili iliyofuata, bila kuficha. Bahati nzuri mavuno makubwa yalikuwa bado yanaendelea majumbani, na jua la kiangazi lilikuwa kali.

"Tutaleta tena," alisema yule mama aliyelalamikia gunia lake. "Safari hii utufundishe, Mama Apolinaria. Tujuaje kama yamekauka?"

Apolinaria alikuwa amejifunza kwa Mwanamkuu. Alisimama mbele yao na chupa ya kioo yenye mfuniko.

"Chupa iwe kavu kabisa," alisema. "Tia mahindi, kama robo ya chupa. Ongeza chumvi kavu, vijiko kadhaa. Funga. Tikisa vizuri. Kisha acha chupa itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Rudisha juani. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka."

Watu walipokezana chupa. Yule mama alitia mahindi ya kwake, na chumvi ikanata.

"Yanakataa!" alisema kwa huzuni.

"Hayakatai," alisema Apolinaria. "Yanaomba jua tu. Ukiyaanika, yaweke juu ya turubai, siyo ardhini. Ukungu unakaa kwenye udongo. Jioni yafunike, yasipate umande."

Revocatus alitengeneza chaga za mbao. Magunia yakawekwa juu ya chaga, hayakugusa sakafu wala ukuta. Alitoboa dirisha dogo upande wa pili ili hewa ipite, akaliwekea wavu wa kuzuia panya. Alifanya kazi hiyo bila kuombwa. Alipomaliza, alimwita mkewe.

"Njoo ulione ghala lako."

"Ni letu," alisema Apolinaria.

"Siku ile nilikuambia ufiche."

"Nakumbuka."

"Ningekuwa mimi, ningeficha. Ahsante kwa kutonisikiliza."

Wazee wa kanisa walikaa pia, wakaitazama desturi yao. Hawakutaka kuifuta. Waliipenda. Wakakubaliana hivi: mwezi wa tano kila nyumba italeta muhindi mmoja tu, na maganda yake, uwekwe madhabahuni. Hayo ndiyo yatakuwa malimbuko. Gunia lenyewe litakuja baadaye, likiwa kavu, na litapimwa mlangoni kwa chupa. Gunia la Mwinjilisti litapimwa la kwanza, ili asiwepo wa kuona haya.

Mvua zikaja. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, majani yalikuwa mabichi kila mahali na vyungu vilikuwa vitupu. Ilikuwa siku ya kugawa. Apolinaria alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. Wazee walisubiri nje kwenye mvua, chini ya miavuli na kanga.

Alisita mlangoni. Alifumba macho, akavuta hewa.

Ilinuka mahindi makavu na mbao za Revocatus. Basi.

Aliita kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi mpaka sauti ikakwaruza: "Bibi Katarina! Mwangaluka! Njoo wewe wa kwanza!"

Bibi Katarina aliingia polepole. Alichukua punje moja, akaiweka kwenye jino lake zuri, akauma. *Ka!* Punje ikapasuka. Bibi akashika shavu.

"Mayo wee! Mtanivunja jino lililobaki!"

Mwanamkuu alikuwa amevuka barabara na mwavuli wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mzaramo. Umekuja kuniibia?"

"Nimekuja kuona kama Mwinjilisti amekula kwanza."

"Nimekula!" aliita Mwinjilisti kutoka ndani, alikokuwa ameingia kusaidia, gunia begani. "Jana usiku, na leo nimeamka!"

Wazee walicheka hadi miavuli ikatikisika na kuwamwagia maji. Bibi Katarina hakujali. Alikuwa tayari ameshika ncha ya gunia lake dogo, akimhimiza Apolinaria amsaidie kulibeba, maana jikoni kwake moto ulikuwa umeshawashwa.