Keki Kwenye Kioo

Mwoka keki alikuwa na desturi moja. Keki ya harusi hakuiweka kamwe nyuma ya gari. Aliipakata kama mtoto mchanga. Na mkanda? Hafungi, maana mkanda ungeiponda keki!

Dereva alikuwa mume wake. Nyumbani ni mpole, hata nzi hamfukuzi. Lakini mpe usukani, utamkimbia. Jumamosi moja, pikapu ilikuja nyuma yao ikipiga honi na kuwamulika taa kali.

"Mpishe, baba watoto," mwoka keki akasema.

"Nimpishe? Barabara kainunua yeye? Ngoja nimkomeshe!"

Akakanyaga breki ghafla. Lahaula! Keki iliruka, na mwenye keki akaifuata. Paji la uso likagonga kioo. Pikapu ikayumba, ikawakosa kidogo tu, ikaenda zake. Kioo chote kilijaa keki na damu.

"Mke wangu, nimekuua!" mume akapiga kelele.

"Bado," mwoka keki akajibu kwa sauti ndogo. "Hivi ulitaka kumkomesha nani?"

Hospitali walimshona. Jioni akasema wazi, "Gari lako sipandi tena." Mume akalia, jamani, mtu mzima! Mwoka keki naye alijishangaa. Mume wake wa miaka yote hiyo, leo anamwogopa.

Jirani yao, mwanamke anayefundisha udereva, akaja kumpa pole. Aliposikia kisa, akashika kichwa.

"Shemeji, unapigana kwa gari? Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi! Mtu akikuchokoza, punguza mwendo taratibu, kaa upande wako, apite. Usimtazame, usimjibu. Akikufuata, usiende nyumbani. Nenda kituo cha polisi au penye watu wengi. Nawe usimbane aliye mbele. Mwachie nafasi, anaweza kufunga breki wakati wowote."

Kisha akamgeukia mwoka keki. "Na wewe, dada, keki inaokwa upya. Kichwa je? Weka keki nyuma, chini, juu ya kitambaa chenye unyevu, isiteleze. Halafu funga mkanda."

"Kumbe na mimi nimo!" Mwoka keki alishtuka.

Kidonda kilipopona, ikaja kazi nyingine ya harusi. Mume akasema, "Ukiogopa, niambie nisimame. Nitasimama." Mwoka keki akaiweka keki nyuma, chini, akapanda. Akafunga mkanda.

Njiani gari jekundu likawabana ubavuni. Dereva wake akatoa kichwa dirishani. "Kobe wee!"

Mwoka keki akang'ang'ania kiti. Yamekuwa yale yale! Lakini mume akameza mate, akapunguza mwendo, akaliacha lipite.

"Kaniita kobe," akasema.

"Nimesikia. Umeumia?"

"Kidogo."

Mwoka keki akacheka. Akaachia kiti. Mbele kidogo usingizi ukaanza kumlemea, naye akafumba macho, akalala.