Chonge za Nyoman Sadra

Jua lilikuwa limezama nyuma ya mashamba ya mpunga Nyoman Sadra alipobeba chano cha wali, kahawa na biskuti alizozipenda marehemu, akashika njia ya makaburini. Mkewe, Luh Rempini, alikuwa amezikwa kwa muda tu, akingoja siku ambayo kijiji kizima kingewachoma wafu wake na kuwaaga. Hadi siku hiyo, alipaswa kulishwa.

Kwenye lango la nyumbani alimkuta shemeji yake, Ketut Wirati, amechuchumaa akiwawekea pepo wa ardhini sadaka yao ya magharibi: wali mkavu, kitunguu kibichi, tangawizi, na pombe kidogo.

"Hebu cheka tukuone, shemeji," alisema. "Meno mapya mdomo mzima, halafu unayaficha kama bibi harusi!"

Nyoman akatabasamu. Hakuwa ametabasamu tangu ajali ya pikipiki iliyomuua Luh na kumvunja yeye meno. Daktari wa Denpasar alikuwa ameyasaga mabaki yote, juu na chini, kisha akayavika kofia za kauri.

Ketut akaacha kucheka.

"Shemeji... una chonge."

"Nani hana?"

"Zako zilichongwa. Nilikuwepo. Siku ya harusi mlilazwa pamoja, wewe na dada, kuhani akawasawazisha meno wote wawili. Huyo daktari kazitoa wapi hizi?"

Daktari alikuwa amemwomba Nyoman picha ya tabasamu lake la zamani. Akampa ile aliyoipenda Luh, ya ujana wake, kabla hawajaoana. Alitaka mkewe amtambue mara moja, siku atakapomfuata.

"Nilimpa picha," alisema.

"Ya kabla ya kuchongwa!" Ketut alishusha sauti. "Wafu hawatazami sura, shemeji. Wanatazama meno. Mwenye chonge kwao si mtu, ni pepo. Usiende leo. Nipe mimi hicho chano."

"Ni mke wangu, Ketut."

Akaenda.

Hakuwa mwepesi wa kuamini mambo. Lakini kila jioni alipowasha udi pale kaburini, moshi ulimwelekea yeye, upepo uvume kokote. Aliujua kama alivyoujua mkono wa Luh.

Leo pia ulimjia. Ukamgusa shavu. Nyuma yake ikaja harufu ya mafuta ya nazi, yale ya nywele zake.

"Luh," alinong'ona.

Akatabasamu.

Moshi ukakatika.

Mchanga wa kaburi ukakwaruzwa... polepole... kama mtu anayejikokota kurudi nyuma kwa viganja. Kisha pumzi ikavutwa, fupi, kali. Nyoman aliijua pumzi ile. Luh aliivuta vivyo hivyo mgongoni kwake, walipoliona lori siku ya ajali.

"Luh, ni mimi..."

Hakuna kitu. Udi ulikuwa umezimika. Akawaza siku ya kuchomwa, mwezi ujao: Luh ataondoka, na ataondoka akimkimbia yeye.

Ndipo kitu kikasema nyuma yake, chini sana, usawa wa magoti.

"Kaka."

Harufu ya pombe na kitunguu kibichi.

"Kaka, umechelewa."

Nyoman aliziba mdomo kwa kiganja, akakimbia bila kugeuka.

Asubuhi alirudi Denpasar. Daktari alizisaga chonge zikalingana na meno mengine, akamwambia kwa upole kwamba msiba humsikizisha mtu mengi. Nyoman alikubali. Alitaka sana kukubali.

Jioni Ketut alimshika kidevu, akamkagua chini ya taa ya baraza.

"Sawa kabisa. Sasa umekuwa mtu," alisema, na utani ukamrudia. "Nenda kamwombe mkeo msamaha. Mwambie ulikuwa unajifanya kijana."

Nyoman alicheka kidogo. Akachukua chano. Wali ulikuwa wa moto, kahawa inatoa mvuke, biskuti zile zile. Akavuka uwanja kuelekea langoni, akipanga maneno atakayomwambia Luh.

Sadaka ya pepo ilikuwa tayari imewekwa chini, kando ya lango. Wali mkavu. Kitunguu. Tangawizi. Pombe ilikuwa bado inanywea mchangani.

Mate yakamjaa kinywani.

"Shemeji?" Ketut aliita kutoka barazani. "Shemeji... mbona umechuchumaa?"